Kijivu cha Katikati

Mtaa mzima ulimwita Dada, hata wale waliomzidi umri, kwa kuwa ndivyo mdogo wake alivyomwita kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. "Dada, maji yamechemka!" "Dada, koleo langu umelificha wapi?" Alikuwa fundi cherehani. Chumba cha mbele kilikuwa cha kazi: cherehani mbili, moja ya kukanyaga na moja ya umeme, meza ndefu ya kukatia vitambaa iliyochubuka kingo, na ukutani rafu ya nyuzi zilizopangwa kwa rangi kutoka nyeupe mpaka nyeusi. Mteja akichomoa uzi mmoja akaurudisha pasipo pake, Dada aliona kabla hajaketi.

Mdogo wake waliyemwita Funguo alikuwa na kibanda cha kuchonga funguo nje ya soko. Wazazi waliwatoka yeye akiwa bado hajang'oa meno ya utoto, na Dada ndiye aliyemlea. Sasa alikuwa mtu mzima, ndevu zimemjaa, lakini macho yake yalibaki vilevile alivyozaliwa nayo: hayakutenganisha rangi. Nyekundu kwake ilikuwa udongo, kijani udongo mwingine. Ujanani alitaka kuwa fundi umeme. Siku ya kwanza ya mafunzo aliambiwa aokote waya mwekundu, akaokota wa kijani, akarudi nyumbani na begi lake. Ndipo akaingia kwenye funguo. Ufunguo hauna rangi, una meno tu.

Kwa ajili yake Dada alibuni mafundo. Ndani ya kola ya kila shati, ndani ya ukingo wa kila soksi, alishona mafundo madogo ya uzi mgumu: moja nyekundu, mawili kijani, matatu bluu, na nguo nyeusi na nyeupe zisiwe na kitu. Funguo alivaa kwa vidole. Alipapasa kola gizani, akatoka nje amependeza kuliko wenye macho yao. Watu walimtania, "Leo umepatia, bwana!" naye akijibu, "Mimi sijapatia, kapatia dada yangu."

Mapenzi yake yalikuwa juu ya paa. Nyumba yao ilikuwa na paa la zege, bapa, la kuanikia nguo, na pembeni mwa kamba alikuwa amesimamisha kigoda cha chuma kinachobeba darubini ndogo yenye kamera. Kigoda kilikuwa na mota ya kukizungusha taratibu kufuata nyota, na baadhi ya vyuma vyake alivichonga mwenyewe kibandani. Jioni aliwasha, akashuka, akalala. Asubuhi kabla ya chai aliunganisha picha zote zikawa picha moja kwenye kompyuta, juu ya meza ya kukatia.

"Dada, njoo uniazime macho."

Dada alikuja na kikombe mkononi. "Hapa ni nyekundu. Si ya nyanya, ni ya damu, ile ya kidole kilichochomwa sindano. Hii nyota ina rangi ya chungwa. Huku umetia kijani mno, punguza. Punguza tena. Hapo, basi, usiguse."

Naye hakugusa.

Kisha mtaa ukawekewa taa mpya, nyeupe pee. Watu walishangilia, na haki yao, kwa kuwa wanawake wanaotoka zamu sasa waliona wanapokanyaga. Funguo peke yake ndiye aliyenuna. "Wenzangu wamepata mwanga, mimi nimepata maziwa," alisema, na kweli picha zake zilikuwa kama mtu kazimwagia maziwa.

Katika siku hizohizo alikuja na habari. Alikuja mbio, hata kibanda hakukifunga vizuri. Kuna kituo cha darubini kubwa huko milimani, mwendo wa basi, kisha treni, kisha basi tena, na kituo hicho kinatafuta mtu wa kutunza mitambo. Hawakuuliza vyeti vingi. Walitaka mtu mwenye mikono ya kazi, na picha moja ya anga, ya rangi, aliyoipiga mwenyewe kutoka mahali penye taa nyingi, ili waone anavyojua kuhangaika.

"Na macho yako?" Dada aliuliza.

"Nimewaeleza. Wamesema mitambo haihitaji rangi, picha ndiyo inahitaji. Na kwenye picha," alimshika bega, "si nina dada?"

Dada alicheka. Akarudi kwenye cherehani, akashona mshono mzima wa suruali bila uzi kwenye sindano, asijue mpaka alipovuta kitambaa na pande mbili zikaachana.

Kituo kile hakikuwa mahali pa kwenda na kurudi. Aliliona hilo waziwazi. Atakwenda, atapenda, atapewa chumba, atapata wenzake wanaozungumza lugha ya nyota, na huku chumba cha mbele kitabaki na cherehani mbili na kikombe kimoja. Hakumwambia. Angeanzaje? Mtu umemlea ili akue, kisha umlaumu kwa kukua?

Ili kupambana na taa, Funguo alihitaji filta, yaani chujio la mwanga. Alimwendea Mzee wa Kamera, muuza kamera na lenzi upande wa pili wa soko, akarudi na vikasha viwili. Ndani ya kila kimoja mlikuwa na kioo cha duara, kikubwa kama kifungo cha koti, kinachong'aa kama cha kujitazamia. Ukikigeuza kinakuwa chekundu, ukikigeuza tena kinakuwa cha samawati.

"Nipe vifungo vinne," alimwambia Dada. "Kimoja chekundu, viwili vya kijani, kimoja cha bluu."

Dada alifungua kopo lake la vifungo, akampangia mezani.

"Sasa tazama. Kamera ya rangi imejaa vijicho vidogo, na kila vinne vimekaa hivi. Nikiweka filta inayopitisha nyekundu peke yake, kifungo chekundu kinafanya kazi, hivi vitatu vinapiga usingizi. Hiyo waachie wenye kamera zisizo na rangi. Mimi nataka filta yenye milango miwili. Mlango mmoja wa nyekundu ya haidrojeni, na wa pili wa oksijeni, ambayo wanasema iko katikati ya kijani na bluu. Hapo vifungo vyote vinaamka."

"Na taa za barabarani?"

"Zinabisha hodi, hazifunguliwi."

"Sasa mbona zimekuwa mbili?"

"Ndiyo shughuli yenyewe. Zote zina milango miwili, ila hii milango yake ni mipana, hii ni myembamba. Ile pana inakupa picha upesi, lakini taa nazo zinajipenyeza kidogo. Nyembamba inazifungia nje kabisa, ila uwe na subira, uikusanyie mwanga usiku baada ya usiku."

"Kama kuchagua chekecheo la unga."

"Enhe! Ndiyo maana nakupenda, huhitaji kuelezwa mara mbili. Nizijaribu zote, nimrudishie Mzee moja."

Alichagua wingu moja la gesi lenye umbo la ua lililofumbuka, akalipiga kwa filta pana kwanza, kisha kwa ile nyembamba. Asubuhi moja akaziweka picha mbili pamoja kwenye kioo cha kompyuta.

Dada alisogeza kiti. Picha ya kushoto, ya filta pana, ilikuwa na ua jekundu lililochujuka, kama kitambaa kilichofuliwa mara nyingi, na nyuma yake kiza chenye ukungu wa kahawia. Ya kulia ilimfanya aweke kikombe chini. Kiza kilikuwa kiza kweli. Petali zilikuwa nyekundu, kila moja na mikunjo yake kana kwamba zimepigwa pasi, na katikati, pale ua linapofumbuka, palikuwa na rangi nyingine kabisa. Ilikuwa feruzi. Si bluu, si kijani. Ile inayopita kwenye shingo ya njiwa anapogeuza kichwa juani. Kwenye rafu yake alikuwa na uzi mmoja tu wa namna hiyo, na haujawahi kupata mteja.

"Hesabu za kompyuta zinasema ya kulia ni bora," Funguo alisema. "Lakini watakaoitazama wana macho, si hesabu. Na kuna kitu kinanisumbua. Hapa katikati." Aliweka kidole palepale. "Mimi naona kijivu. Kwenye ile pana hakionekani, kwenye hii kimejaa. Dada, hicho kijivu ni nini? Ni rangi, au ni uchafu?"

Mdomo wa Dada ulikuwa tayari umeanza kusema feruzi. Lakini kabla neno halijatoka aliiona picha ile imefika mlimani, wamekusanyika kuitazama, mmoja anasema, mwiteni huyu. Aliliona begi mlangoni.

"Ni uchafu," alisema.

"Una hakika?"

"Kama ukungu wa bafuni. Unaharibu ua zima. Hiyo nyingine imepoa, lakini ni safi."

Funguo alishusha pumzi. "Basi afadhali nimekuuliza."

Laiti mambo yangeishia hapo, pengine Dada angejisahaulisha. Hayakuishia. Funguo hakuwa mtu wa kuacha uchafu bila kujua umetoka wapi. Jioni ile alinawa mikono mpaka kwenye viwiko kama daktari, akatandika kitambaa kipya mezani, akakitoa kioo kile kwenye kikasha chake. Alikipulizia upepo kwa kipira, akakisogeza kwenye taa, akakiinamisha huku na huku. Akapitisha pamba yenye dawa kidogo, kutoka katikati kwenda nje, taratibu, ameuma ulimi pembeni mwa mdomo kama alivyofanya utotoni akijifunza kuandika.

"Sioni kitu," alisema. "Labda ni mafuta ya mashine, hizi funguo. Yameniingia kwenye vidole, hayatoki. Nimeshika kioo cha watu kwa mikono michafu, Dada. Sijui nitamwambia nini Mzee."

"Mikono yako haina neno," Dada alisema.

"Sasa umetoka wapi?"

Dada aliinama akatafuta pini sakafuni, na pini haikuwepo. Nafsi ilimsuta hata masikio yakawaka moto. Neno moja tu lingetosha, na fursa ilikuwa imekaa mbele yake kama mgeni anayesubiri chai. Alibaki chini ya meza mpaka Funguo alipofunga kikasha.

Alipiga tena kwa filta nyembamba. Kijivu kilikuwepo palepale katikati. "Unaona?" alisema asubuhi. "Haukutoka. Filta yenyewe ndiyo mbovu." Akaenda kuirudisha.

Siku zilizofuata Dada alikuwa mwema kupita kiasi. Alimpikia anachopenda. Alimshonea begi la kubebea darubini, lenye bitana mbili, ambalo hakuwa ameliomba. Funguo alilipapasa akacheka, "Dada, umekula nini? Au unataka kunioza?" Kila jioni alipanda na filta yake pana, kila asubuhi akashuka na ua lilelile lililochujuka, na alilipenda kwa sababu aliambiwa ni safi. Siku ya mwisho ya kutuma picha ilikuwa inakaribia, na upande wa machweo mawingu ya mvua yalikwisha kuanza kujikusanya.

Alasiri moja Mzee wa Kamera akaja kuchukua koti lake, ambalo Dada alikuwa amelibadilishia mifuko. Alikuwa mzee mrefu, mwenye miwani mbili, moja puani na moja kichwani. Alitia mikono kwenye mifuko mipya, akaitikisa.

"Sasa hata nikitia nyundo haitoboki. Ahsante, mama. Lakini nina kesi na mdogo wako. Kichwa chake kigumu kama kufuli lenye kutu."

"Kafanya nini, Mzee?"

"Kanirudishia filta nzuri kuliko zote dukani. Namuuliza kwa nini, ananiambia ina uchafu katikati. Nikaitazama kwa kioo cha kukuzia. Safi! Nikamwambia, kijana, hicho unachokiona ndiyo oksijeni yenyewe, hiyo ndiyo rangi watu wanayoililia. Unajua alinijibu nini?"

Dada alikuwa akikunja karatasi ya kufungia koti. Hakuinua uso.

"Akasema, 'Mzee, wewe nakuheshimu, na vitabu vya filta nimevisoma. Lakini dada yangu hajanidanganya rangi tangu nazaliwa. Akisema uchafu, ni uchafu.' Sasa hapo mimi niseme nini tena? Nikanyamaza. Nikadhani huenda macho ya dada nayo yamezeeka, usinichukie."

"Yamezeeka," Dada alisema, na sauti yake ilitoka nyembamba kama ya mtu mwingine. Kisha akasema, "Hapana. Hayajazeeka, Mzee."

Mzee alishusha miwani ya kichwani ikakutana na ya puani, akamtazama kwa zote mbili. Hakuuliza.

"Bado iko rafuni," alisema. "Jumamosi kuna mtu anakuja kuitazama."

"Naomba uniazime."

Aliifuata mwenyewe jioni ile. Hakuitia kwenye kibeti. Alikuja na kopo la vifungo, akakilaza kikasha ndani, akazungushia vifungo ili kisicheze, akalibeba kwa mikono miwili mpaka nyumbani. Njiani alijiambia atasema leo. Alifika, Funguo akamkaribisha kwa hadithi ya mteja aliyeleta ufunguo uliomezwa na mbwa na kutoka salama, wakacheka, chai ikaiva, naye hakusema. Kesho yake aliamka amepania. Akaja mteja wa gauni. Kopo lilikaa kwenye rafu, na kila aliponyanyua macho alilikuta linamtazama.

Siku ya tatu Funguo alifungua kompyuta mezani. "Naituma sasa hivi. Mvua ikianza sitapata nyingine. Njoo uitazame mara ya mwisho."

Dada alizima cherehani. Alilichukua kopo, akaliweka mbele yake, akalifungua.

Funguo alikitambua kikasha kwa kugusa tu. "Hii si...? Imefikaje huku?"

"Nimeiazima kwa Mzee. Usitume hiyo."

"Kwa nini?"

"Ule haukuwa uchafu."

Dada alitaka kuketi lakini aliona kuketi kutakuwa kama kujipumzisha, akabaki wima, mikono ameishikilia mbele ya aproni yake yenye pini.

"Katikati ya ua pana rangi. Feruzi. Nzuri, sijawahi kuona nzuri kama ile. Nilikuona unakwenda, nikasema uchafu."

"Ulikosea."

"Sikukosea. Niliiona vizuri."

Funguo alikigeuzageuza kikasha bila kukifungua. Nje mtu aliita muuza mkaa, muuza mkaa akaitika. Ndipo akasema, taratibu, "Nilikisafisha. Ulikuwa umekaa hapo. Nikasema ni mikono yangu."

"Najua."

"Ulikuwa umekaa hapo, Dada."

"Najua, mdogo wangu."

"Ungeniambia nisiende. Ningekasirika, tungegombana, yangekwisha. Hilo la kusema usiende ni neno la kawaida, kila mtu husema. Lakini hili..." Alishika kola ya shati alilovaa, akalipapasa fundo. "Hili shati ni rangi gani?"

"Kijani."

"Kweli?"

Dada angeapa kwa kitu gani? Hakuwa na neno lolote lenye uzito kuliko lile alilokwisha kuliharibu.

Funguo aliingia chumbani. Alitoka amekumbatia nguo zake zote, mashati, suruali, soksi zinadondoka nyuma yake mlangoni, akatoka nazo hadi barabarani. Kona ya pili kulikuwa na duka la vifaa vya ujenzi, na humo kulikuwa na binti aliyechanganya rangi za kuta, ambaye mtaa ulimwita Binti Rangi. Mteja akimletea kipande cha plasta kidogo kama kucha, alimchanganyia rangi ileile asione ilipoungana. Funguo alizimwaga nguo kwenye kaunta yake. Dada alikuwa amemfuata kwa mbali, ameokota soksi mbili, akasimama nje ya duka karibu na mabomba.

"We Funguo, hapa si dobi!" Binti Rangi alisema.

"Nisomee rangi. Moja moja. Usinionee huruma."

"Kuna nini?"

"Soma tu."

Akasoma. "Kijani. Nyekundu. Hii bluu, ya bahari. Kijani tena, mbona unapenda kijani na huioni? Nyekundu iliyoiva..." Kila aliposema, vidole vya Funguo vilikuwa ndani ya kola vinahesabu mafundo, naye akitaja hesabu kwa sauti. Ilipoisha ya mwisho, Dada aliingia akaweka zile soksi mbili kaunta, akarudi nyuma.

"Bluu na bluu," alisema Binti Rangi. Aliwatazama wote wawili, mzaha ukamtoka. "Mafundo yote ni sawa. Hata moja halijakosewa."

"Nimesikia," Funguo alisema. Alianza kukunja nguo zake, vibaya, kama wanaume wanavyokunja. Dada hakumsaidia. Alijua hakuruhusiwa.

Anga lilibaki wazi siku chache tu. Funguo alipanda na filta nyembamba, mawingu yakamnyima, akapanda tena. Asubuhi kompyuta haikuwekwa mezani. Alikuwa akiondoka nayo kwapani kwenda dukani kwa Binti Rangi kabla hawajafungua, na Dada alisikia kutoka kwa wengine kwamba wawili wale walikuwa wakizozana juu ya ua lile. "Nimekwambia feruzi, si bluu ya choo cha shule!" Sauti ya binti ilifika mpaka barabarani. Dada alikaa na kikombe chake. Alizoea kuitwa njoo uniazime macho. Sasa aliazimwa mtu mwingine, na hilo lilikuwa halali, na halali yake haikupunguza chochote.

Picha ilitumwa. Mvua zilipokuwa katikati, Funguo alikuja na jibu. Hakuja mbio safari hii. Alisimama mlangoni akikung'uta viatu.

"Wamenichukua."

"Hongera, mdogo wangu."

"Ahsante."

Alikuwa amenunua jaketi zito la baridi ya mlimani. Kwa siku mbili lilining'inia kwenye msumari. Siku ya tatu Dada alilikuta limewekwa juu ya cherehani, limekunjuliwa kola. Hakuandika kitu, hakuagiza kitu. Dada alitia uzi kwenye sindano. Ilimchukua muda kuupitisha, kwa kuwa macho yalikuwa na maji. Jaketi lilikuwa la bluu. Alishona fundo la kwanza, la pili, la tatu, akayakaza kwa meno, na aliona ni kazi nzito kuliko gauni la harusi.

Asubuhi ya safari Binti Rangi alikuwepo, na Mzee wa Kamera na koti lake lenye mifuko. Funguo alilivaa lile jaketi, akaweka kidole ndani ya kola. Dada alimwona anayahesabu mafundo. Kisha akamgeukia yule binti, nusu tu, akajizuia, akamrudia Dada.

"Bluu?"

"Bluu."

Alitikisa kichwa kukubali. Akamkumbatia kwa mkono mmoja, kwa kuwa mwingine ulikuwa na begi lile lenye bitana mbili, na basi likaondoka.

Simu ya Dada ilikaa kimya siku nyingi, ukiacha salamu fupi: nimefika, baridi kali, chakula kipo. Dada hakudai zaidi. Aliendelea kushona. Ule uzi wa feruzi aliutoa kwenye rafu akautia kwenye kopo la vifungo, kisha akaona huko ni kuuficha, akaurudisha mahali pake panapoonekana.

Kisha asubuhi moja, maji yanachemka, simu ikalia kama inavyolia ikiletewa picha. Ilikuwa picha ya anga, wingu lenye umbo la mbawa, kubwa kuliko yote aliyowahi kuona. Chini yake maneno machache:

*Dada, pembeni kulia pana kiduara cha kijivu. Rangi, au uchafu?*

Dada alivaa miwani. Alisogeza picha kwa kidole, akaikuza. Mbawa zilikuwa nyekundu na feruzi, kila uzi mahali pake. Na pembeni kulia palikuwa na kiduara chepesi kama alama ya kikombe mezani, hakina nyekundu, hakina kijani, hakina bluu. Kilikuwa vumbi. Punje ya vumbi imekaa kwenye kioo, na kivuli chake kimeanguka kwenye picha.

Kilikuwa uchafu kweli, na neno lenyewe ndilo lilelile alilokwisha kuliharibu.

Alitoka na simu mpaka mwangani, akaitazama upya. Akaivua miwani akaifuta kwa aproni, akaivaa. Alitamani mno kiwe rangi, amwambie rangi, amwambie jambo zuri. Alijua pia, bila kuambiwa, kwamba picha ileile ilikuwa imefika kwenye simu ya Binti Rangi kona ya pili, na kwamba huko mlimani mtu amekaa na kikombe chake, anasubiri majibu mawili ayaweke sambamba.

Aliandika taratibu, kwa kidole kimoja.

*Ni uchafu. Vumbi kwenye kioo, si mikono yako. Hayo mengine yote ni rangi.*

Akatuma. Maji yalikuwa yamechemka mpaka yakapungua nusu. Alijimiminia kikombe kimoja, akaketi karibu na cherehani bila kuiwasha, simu mapajani, akingoja Binti Rangi naye ajibu.